Njia ya Mkwe

Ikupa alifika Kisiba, kijiji cha milimani Rungwe, kama bibi harusi, lakini baiskeli yake ilibaki Kyela. Siku chache baada ya sherehe alirudi kwao kuichukua, akaipandisha milima yote ile kwa kuisukuma zaidi ya kuiendesha. Alipotokeza kijijini, jasho limeilowesha kanga mpya, watu walitoka migombani kuja kumtazama.

Kyela ni tambarare. Mwanamke wa kule hupanda baiskeli kama mwenzake wa Rungwe anavyoshika jembe, bila kufikiria. Kwa baiskeli huenda kliniki, kanisani na msibani, mtoto mgongoni, gunia la mpunga kwenye karia. Kisiba njia ama inapanda ama inashuka, na pale inapopumzika pana tope.

“Gwe bibi harusi!” jirani yake, Sekela, alimpigia kelele kutoka uani kwake. “Huku hatuzipandi hizo. Huku zenyewe ndizo zinatupanda!”

“Basi tutapeana zamu, mama,” Ikupa alijibu akihema. “Leo mimi, kesho yeye.”

Sekela alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mabwawa ya samaki bondeni na ulimi usiolala. Tangu siku ile alimwita Ikupa mwanangu, na Ikupa, aliyekuwa mgeni asiye na mtu, alilipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Mlima aliuzoea. Alichoshindwa kuzoea ni baraza ya baba mkwe wake.

Mzee Ambindwile, baba wa mumewe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye migomba mingi na kipande kizuri cha chai, na mwenyekiti wa kamati ya mfereji uliopeleka maji kwenye mashamba ya bondeni. Lakini katika jambo moja hakuyumba hata kidogo: mke wa mwanawe asionane naye uso kwa uso. Hiyo ni heshima ya Wanyakyusa tangu zamani. Mjini wengi wameilegeza, wengine wameitupa kabisa, ila nyumbani kwa Mzee Ambindwile ilisimama kama nguzo. Mkwe akimwona baba mkwe anakuja, huiacha njia na kujibanza migombani mpaka apite. Hawaongei. Neno likilazimu kufika, hupelekwa na mtu wa tatu.

Sasa nyumba ya mzee ilikuwa kando ya barabara iliyoelekea Tukuyu, na mzee aliipenda baraza yake. Asubuhi alikaa pale na kikombe cha chai, jioni alikaa pale na redio. Ikupa akitoka na mikungu miwili ya ndizi kwenye karia, kabla hajachanganya mwendo alilazimika kuruka chini, kuburuta mzigo hadi kwenye migomba na kuinamisha kichwa huku ndizi zikimporomokea miguuni. Akirudi, vilevile. Hata mtu angekuwa na moyo wa chuma angetafuta njia nyingine.

Akaitafuta. Masika yale yalipokatika alianza kutoka nyuma ya nyumba yake, akapita chini ya migomba ya watu, akazunguka ukingo wa juu wa ziwa Kisiba, ambako maji yanalala chini kabisa kama yamewekwa kwenye chungu. Akashuka bonde la Mbaka kwa vichochoro vya ng’ombe. Akakuta gogo la kuvukia mto, na ng’ambo ya gogo akaukuta mfereji. Ulikuwa umechimbwa na mababu, ukikata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, na juu ya ukingo wake palikuwa na kijia kigumu, chembamba, karibu tambarare. Tambarare, Rungwe! Ikupa alisimama pale akacheka peke yake. Ilikuwa kama Kyela imekatwa kipande ikafungwa kiunoni mwa mlima. Kijia kilimpitisha juu ya mabwawa ya kina Sekela, kikamwingiza kwenye mianzi, kikamtoa kwenye mashamba ya chai, na kutoka hapo mpaka Msasani ya kule Tukuyu na sokoni ilikuwa barabara ya kawaida.

Njia ile ilipita nyuani kwa watu, na ua wa mtu si barabara. Ikupa aliingia kila nyumba akajitambulisha. Kila ua alishuka, akachuchumaa, akasalimia: “Ugonile.” Nao wakaitikia: “Ndaga.” Baada ya muda watoto wakaanza kuiita njia ya mkwe, na jina likaganda.

Mumewe, Abrahamu, alikuwa Chunya kwenye machimbo, akionekana Krismasi kama nyota. Aliyekuwa karibu na Ikupa nyumbani ni shemeji yake mdogo, Anyelwisye. Ikupa alipoolewa, Anyelwisye alikuwa darasa la pili, mwembamba, mwenye kikohozi cha baridi. Asubuhi za ukungu na manyunyu Ikupa alimpakia kwenye karia, akamfunika kanga, akampeleka shule kwa njia ya mfereji. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha, kuziba pancha, kusikiliza cheni. Kabla hajapata mtoto wake mwenyewe, huyo ndiye alikuwa mtoto wake. Na mama mkwe wake, Tulinagwe, aliyekuwa akipeleka maneno kati yake na mzee, alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia Anyelwisye. Ikupa akisema, Anyelwisye anafikisha. Mzee akisema, Anyelwisye anarudisha. Kwa miaka mingi hakupunguza wala kuongeza neno.

Wapanda baiskeli walikuja kwa kupotea. Walikuwa vijana wa Mbeya wenye baiskeli za gia, tairi pana kama za pikipiki, kofia ngumu na miwani. Walimkuta Ikupa amepakia parachichi, wakamuuliza njia ya kurudi Tukuyu isiyo ya lami. Akawaambia wamfuate. Walipofika kwenye chai, mmoja wao alikuwa amelala chali kwenye nyasi, analia kwa kicheko.

“Dada, wewe na hiyo Foniksi yako mnatuua! Haina hata gia!”

“Gia ninazo,” Ikupa alisema akijipiga mapaja. “Mbili. Na zinakula ugali.”

Wakarudi na wenzao. Wenzao wakarudi na wageni. Kufumba na kufumbua, Ikupa akawa na kazi ambayo hakuna mtu Kisiba aliyewahi kuisikia: kuongoza watu wanaokuja kutoka mbali ili wachoke kwa hiari yao. Anyelwisye, sasa kijana mrefu mwenye ndevu za kwanza, akawa msaidizi wake, mara kijana akitangulia Ikupa akifuata, mara Ikupa akitangulia kijana akifuata.

Hakuanza bila ruhusa. Alishuka mabwawani akakaa na wanawake wa mfereji, Sekela akiwa msemaji wao. Mabwawa yale ya perege ndiyo yaliyowasomeshea watoto. Yalikaa chini ya mfereji, na ukingo ukipasuka juu yao, habari yao imekwisha.

“Masika hapana,” Sekela alisema. “Masika ukingo ule ni uji. Hata mbuzi hatumpitishi.”

“Masika hapana,” Ikupa alikubali.

“Na kiangazi, mkifika juu ya mabwawa, mshuke. Mzisukume hizo baiskeli kama wagonjwa.”

“Tutashuka.”

“Na msalimie! Wasitupite kama nguruwe pori.”

“Nitawafundisha, mama.”

Sekela akamshika mkono. “Sikia, mwanangu. Hatuziruhusu baiskeli. Tunakuruhusu wewe. Siku utakayotuharibia, si njia utakayokosa. Utatukosa sisi.”

Ikupa alilibeba neno lile kama mtu anavyobeba yai. Mgeni aliyegoma kushuka ukingoni aliambiwa arudi alikotoka. Kuna kijana mmoja kutoka Dar aliwahi kujidai, akasema yeye ameendesha kwenye milima ya nchi nyingine, huku kutembea ni aibu. Ikupa akaegesha baiskeli katikati ya kijia, akaketi juu ya ukingo, akatoa ndizi ya kuchoma na kuanza kula taratibu.

“Tunasubiri nini?” kijana akauliza.

“Nasubiri aibu yako ipungue. Mimi nina ndizi tatu.”

Akashuka. Na chini mabwawani wanawake walipiga vigelegele mpaka mwenyewe akacheka.

Halafu ikaja kampuni. Jina lake halina haja hapa. Ilikuwa ofisi mpya ya utalii iliyofunguliwa mjini, yenye gari lililochorwa milima na baiskeli zilizopangwa juu ya paa. Meneja wake alimfuata Anyelwisye, hakumfuata Ikupa. Alimpa koti jekundu lenye maandishi mgongoni na cheo cha kiongozi wa msafara. Ikupa alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Alimshonea hata mfuko wa ndani wa kuwekea simu isilowe. Kijana akilelewa akapata kazi, anayelea hujipongeza. Alimwambia jambo moja tu:

“Huko kwao watakuwa na haraka. Mfereji hauna haraka. Ukikwama kati yao, simama upande wa mfereji.”

“Shemeji, mimi tena? Nimeota meno kwenye mfereji huu.”

Masika yalipoanza, Ikupa alikwenda Kyela kumuuguza mama yake. Aliondoka na moyo mweupe. Baiskeli zilikuwa zimefungiwa na njia imelala.

Aliporudi alikuta ukingo umepasuka. Juu kidogo ya mabwawa, pengo lilikuwa pana kiasi cha kupitisha ng’ombe wawili. Maji yalikuwa yamemiminika yote, yakaangukia bwawa la kwanza, nalo likabomoka likaangukia la pili, mpaka la mwisho. Perege walikuwa wameoza kati ya migomba. Na kwenye udongo uliobaki kila upande wa pengo, alama za tairi pana zilikuwa zimekauka waziwazi, nyingi, zikipishana.

Anyelwisye alikuwa amesimama pale na koti lake jekundu, kama mtu anayetazama kaburi.

“Ni ninyi?” Ikupa aliuliza.

“Shemeji, mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Wageni walishafika. Meneja akasema tupite.”

“Mlishuka?”

“Wapi?”

“Unajua wapi. Mlishuka?”

Kijana alitazama viatu vyake. Ikupa alikaa kwenye nyasi zenye maji bila kujali.

“Nitasema mwenyewe,” Anyelwisye alisema kwa haraka. “Kesho kuna mkutano. Nitasimama mbele ya wote niseme. Nimekosa mimi, nitasema mimi. Usiwaambie leo, shemeji. Niache nijisemee kama mwanamume.”

“Na usiposema?”

“Shemeji!” Macho yalimjaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. “Umenibeba kwenye karia mvuani. Mimi nikugeuke wewe?”

Hapo ndipo Ikupa alipokosea, kama kumwamini mtoto uliyemlea kunaweza kuitwa kosa. Jioni ile alipita mlangoni kwa Sekela. Mlango ulikuwa wazi na moto unawaka. Hakuingia. Aliona akimtangulia kijana atakuwa amemnyang’anya nafasi ya kusimama mwenyewe, na mwanamume aliyesemewa kosa lake harudii kulisema. Akaenda kulala na ukweli tumboni.

Mkutano ulifanyika uani kwa Mzee Ambindwile, kwa sababu ndiko mikutano ya mfereji ilikofanyika siku zote. Hakuna aliyemkataza Ikupa kuhudhuria, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Kijiji kizima kilikusanyika kumjadili mwanamke mmoja, mahali pekee kijijini ambapo mwanamke huyo hawezi kukanyaga, na hakuna hata mmoja aliyeona kuna kasoro. Kuna ofisi ya kijiji. Kuna kanisa. Kuna kivuli kila mahali. Lakini mfereji una mwenyekiti, na mwenyekiti ana ua.

Basi Ikupa aliwekewa kigoda nyuma ya jiko, ukuta wa mianzi na udongo ukimtenga na watu. Kupitia ufa aliona miguu tu: ndala, mabuti, miguu mitupu yenye tope la bondeni. Alisikia kila kitu.

Alimsikia Sekela, sauti imemkauka. “Samaki wetu, watoto wamewaokota migombani kama nyanya. Sisi tulimruhusu mtu mmoja. Tulimwambia masika hapana. Tunataka kusikia kwake.”

Akasikia kikohozi, kisha sauti ya Mzee Ambindwile, ile aliyoijua kwa miaka mingi bila kuijua sura yake: “Mke wa Abrahamu anasemaje?”

Koti jekundu likapinda kona ya jiko. Anyelwisye alichuchumaa mbele yake, akanong’ona.

“Shemeji.”

“Sema ulivyoniahidi.”

“Shemeji, sikiliza kwanza. Wewe wanakupenda. Wewe watakusamehe, watakugombeza kidogo basi. Mimi wakijua, kampuni itaniacha, na baba atanifukuza.”

“Anyelwisye.”

“Watakusamehe tu, shemeji. Wewe ni mtu wao.”

“Waambie sikuwepo. Waambie aliyewaongoza wageni ni wewe. Ni maneno mawili. Umewahi kunibebea mengi kuliko hayo.”

Aliinuka. Hakumtazama tena. Ikupa aliyaona mabuti yake yakirudi uani, yakasimama katikati ya miguu mingine.

“Shemeji anaomba radhi,” Anyelwisye alisema, kwa sauti safi ya mtu aliyezoea kufikisha maneno. “Anasema wageni walikuwa wake. Alikuwa Kyela, akawaruhusu kwa simu wapite. Hakujua mvua imeshauloweka ukingo kiasi hicho. Anasema mumsamehe.”

Ua ukaguna. Mwanamke mmoja akalia. Na Ikupa, aliyekaa kwenye kigoda, alihisi jambo la ajabu: mdomo wake ulikuwa umefungwa, na wakati huohuo ulikuwa nje pale unaongea, unakiri, unaomba radhi, kwa ulimi wa mtu aliyemfundisha kuziba pancha.

Alisimama. Akazunguka jiko. Akaingia uani.

Mzee Ambindwile alikuwa kwenye kiti chake, umbali wa hatua chache tu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Ikupa aliutazama uso ule. Kumbe Abrahamu alichukua macho ya baba yake. Mzee alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akavuta koti lake kichwani, akainuka akijikwaa, akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

“Sikuwepo!” Ikupa alisema. “Sikupiga simu kwa mtu! Aliyewapitisha ni huyu hapa, muulizeni, yeye na kampuni yake, na hawakushuka!”

Lakini ua ulikuwa umelipuka. “Mkwe! Mkwe!” wanaume walipiga kelele, wakitikisa mikono kama wanaomfukuza kuku kwenye mpunga. “Rudi nyuma!” Wanawake walijiziba midomo. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa sauti kama hivi ndivyo wanavyolelewa wasichana wa Kyela. Maneno ya Ikupa yaliangukia kelele ile kama kokoto mtoni. Alimtafuta Sekela kwa macho. Sekela alikuwa anatazama ardhi.

Anyelwisye alisimama palepale, na hakuna aliyemuuliza chochote. Hakuwa na haja ya kudanganya tena. Kosa la shemeji yake lilikuwa limelifunika lake.

Abrahamu alipiga simu kutoka Chunya. “Muombe baba radhi kwanza,” alisema. “Hayo ya baiskeli tutaongea Krismasi.”

“Hutaki kujua ilikuwaje?”

“Nimeshaambiwa ilivyokuwa.”

“Na nani?”

Laini ilikuwa nzuri. Aliikata mwenyewe.

Mkutano ulirudiwa juma lililofuata, Ikupa hayupo, hata nyuma ya jiko. Sekela ndiye aliyeleta habari. Alikaa mlangoni, hakuvuka kizingiti, mikono kwenye magoti.

“Utatoa mbuzi,” alisema. “Wa kusafisha ua.”

“Na mfereji?”

“Kampuni italeta saruji na mawe. Na vifaranga vya samaki, wametuahidi. Njia wamepewa wao, Anyelwisye ndiye mwangalizi, maana ni mtoto wa nyumba. Wewe wamesema upumzike.”

“Mlimwamini?”

Mvua nyepesi ilikuwa inagonga majani ya migomba.

“Nilimwona,” Sekela alisema. “Asubuhi ile nilikuwa nakata majani ya kuwapa samaki. Nilimwona na koti lake, ametangulia, wageni nyuma.”

Ikupa alidhani hakusikia vizuri. “Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Na ulikaa pale uani, ukanyamaza?”

“Nilikuwa nangoja amalize uongo wake nisimame! Naapa, mwanangu. Nilishakunja kanga niinuke. Ndipo ukatoka. Ungebaki nyuma ya ukuta ningesema. Ulipotoka jambo likawa jingine. Ningesema nini? Nimtetee mkwe aliyemkimbiza baba mkwe kwenye ua wake? Wangeniuliza mimi ni mama wa namna gani.” Alifuta uso kwa ncha ya kanga. “Na mabwawa yangu yamekauka. Saruji ile naihitaji.”

“Mlisema hamziruhusu baiskeli, mnaniruhusu mimi.”

“Tulisema.”

“Sasa mmeziruhusu baiskeli.”

Sekela aliinuka. Alisimama kidogo kama anayesubiri kufukuzwa, ili angalau aondoke na hasira ya kumsaidia njiani. Ikupa hakumpa. Alimtazama akienda, mgongo umeinama, na akajiuliza ni lini hasa mtu anakuwa wa mahali. Aliwasukumia mazao yao hadi sokoni. Aliwauguza. Alizika nao. Na siku moja ya kumsikiliza ilipofika, walitaka kujua amesimama upande gani wa ukuta.

Mbuzi alitoa. Radhi hakuomba, na hakuna aliyegundua tofauti.

Kiangazi kilipoingia, kila nyumba ilitoka kusafisha sehemu yake ya mfereji, kama ilivyo desturi. Sehemu ya nyumba ya Abrahamu ilikuwa pale kwenye mianzi, kando ya pengo lililojengwa upya kwa saruji ya kampuni. Ikupa alikuwa ndani ya mfereji, maji magotini, anatoa tope kwa jembe, aliposikia sauti za cheni.

Walikuwa kundi zuri, karibu wote vijana wa Kitanzania, kofia zinang’aa. Anyelwisye alitangulia. Alipofika mwanzo wa saruji akainua mkono.

“Hapa tunashuka, jamani. Tunazisukuma kama wagonjwa. Na mkifika nyumbani kwa mtu, salimieni, tusipite kama nguruwe pori.”

Wageni wakacheka. Wakashuka wote, bila hata mmoja kubisha. Alikuwa amejifunza vizuri.

“Inaitwaje hii njia?” msichana mmoja aliuliza. Kwenye begi lake palikuwa pameandikwa Atupele.

“Njia ya Mkwe.”

“Mkwe? Mkwe gani?”

“Jina la zamani tu. Hata wazee hawajui lilikotoka.”

Ikupa alinyoosha mgongo. Walikuwa juu yake, karibu kiasi cha kuweza kugusa tairi zao.

“Mkwe ni mimi,” alisema.

Wote waligeuka. Anyelwisye alimtazama, na kwa kitambo kifupi uso wake ulikuwa ule wa darasa la pili, chini ya kanga, mvuani. Kisha akatabasamu, tabasamu la kazini.

“Mama huyu anapenda utani,” aliwaambia wageni. “Pole na kazi, mama. Tupishe kidogo tupite.”

Mama. Hakusema shemeji.

Wageni walipita mmoja mmoja wakisukuma. “Shikamoo mama,” walisema, kama walivyofundishwa, na Ikupa akaitikia kila mmoja, maana wao hawakuwa na kosa. Atupele alikuwa wa mwisho. Alisimama. Alikuwa na sura ya watu wa huku, na macho yake yalitoka kwa Ikupa yakaenda kwenye lile koti jekundu lililokuwa linaingia mianzini, yakarudi.

“Ni kweli, mama? Ulikuwa unamkwepa baba mkwe, kama walivyofanya bibi zetu?”

“Ni kweli.”

“Sasa mbona yeye anasema...”

“Atu!” waliita kutoka mbele. “Unatuchelewesha!”

“Pole, mama,” msichana alisema kwa sauti ndogo, akakaza mkanda wa kofia, akasukuma baiskeli yake kuwafuata wenzake. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye ukingo, likaporomosha donge la udongo ndani ya mfereji.

Maji yalianza kuzunguka lile donge na kutuama. Huko chini mabwawa ya kina Sekela yalikuwa yanayasubiri. Ikupa alingoja mpaka sauti za cheni zilipopotea, kisha akainama na jembe lake akautoa udongo ule, kwa sababu ulikuwa umeangukia kwenye sehemu yake.